Yule chifu alisema nini?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni mahali gani ulipajua kwenye sinema kabla hujapakanyaga, na ulipofika ulikuta nini?" Pangu ni Monument Valley, mpakani mwa Utah na Arizona huko Marekani. Nitaomba nafasi kubwa kidogo kuliko barua za kawaida.

Nilipaona kwanza nikiwa Tabora, mwishoni mwa miaka ya themanini, kwenye kibanda cha video cha mabati. Ulilipia benchi, jasho lilikuwa la bure. Mikanda ya kauboi ilikuwa na mandhari yake ileile: minara ya mwamba mwekundu imesimama peke yake jangwani, mmoja una kidole gumba pembeni kama mkono uliovaa glavu. Sisi watoto tulijua Marekani yote iko hivyo. Kiingereza kilitupita, kwa hiyo kulikuwa na kijana mwenye kipaza sauti aliyetutafsiria. Steringi akisema neno, kijana analo. Shida ilikuwa kwa chifu wa Wahindi Wekundu, akiinua mkono na kuhutubia kwa lugha yake. Kijana hakubabaika: "Anasema, wiki iliyopita mlikopa chumvi, mpaka leo hamjarudisha." Kibanda kizima hoi.

Sasa naishi Phoenix, na mwaka juzi niliipakia familia garini tukaenda kaskazini, zaidi ya saa tano. Miamba ipo, na glavu ziko mbili, ya mashariki na ya magharibi. Inapanda hadi mita 300 hivi kutoka chini. Barabara ya kuizunguka ni ya vumbi, kilomita 27, na gari letu dogo liliigomea mapema. Tukamkodi mzee mmoja Mnavajo mwenye pikapu iliyofungwa viti nyuma ya dereva. Ardhi yote ile ni ya Wanavajo, mojawapo ya makabila ya wale Wahindi Wekundu. Wenyewe hujiita Diné.

Nilikuwa nimesoma kidogo kabla ya kwenda, maana sipendi kudanganywa na waongoza watalii. Filamu bubu ya mwaka 1925 ilishapigwa picha huko, lakini umaarufu wenyewe ulianzia dukani. Miaka hiyo ya ishirini mfanyabiashara mmoja, Harry Goulding, na mkewe Leone walikuja kufungua duka, wakawa wananunua kondoo, sufu na mablanketi kwa Wanavajo. Ukaja mdororo mkuu wa uchumi. Juu yake serikali ya Marekani ikaamua kwamba mifugo imezidi na ardhi inamomonyoka, ikapunguza kondoo kwa nguvu. Kondoo wengine walipigwa risasi mbele ya wenyewe. Sisi tunaotoka kwa wafugaji hatuhitaji kuelezwa hilo lilikuwa jambo gani.

Mwaka 1938 Goulding alichukua picha za bonde zilizopigwa na Josef Muench, akaendesha gari mpaka studio za Hollywood kuwashawishi watu wa sinema waje. Mwenyewe alisimulia kwamba mapokezi walimwambia hana miadi, naye akajibu kwamba hana haraka, matandiko yake yako garini, atalala papo hapo. Picha zikamfikia mwongozaji John Ford. Filamu ya Ford iliyotoka 1939, Stagecoach, ndiyo iliyomfanya John Wayne kuwa steringi wa dunia nzima, pamoja na benchi letu. Ford aliendelea kurudi bondeni mpaka 1964, filamu saba kwa jumla.

Kinachonichekesha ni jinsi bonde lile lilivyolazimishwa kuwa mahali pengine. Katika hiyo Stagecoach abiria wanasafiri siku nzima kwa gari la farasi, ukitazama nje unaona miamba ileile waliyoiacha asubuhi. Na ile mbio maarufu ya Waapache wakilifukuza gari haikupigwa pale kabisa. Ilipigwa California, kwenye ziwa lililokauka. The Searchers ya 1956 inatuambia tuko Texas. Texas haina miamba ile. Ni sawa na kutuonyesha Kilimanjaro halafu maandishi yaseme "Mtwara".

Watu nao walibadilishwa kabila. Wanavajo walioajiriwa kwa siku walikuwa Waapache mwaka huu, Wakomanchi filamu nyingine, Wacheyenne ile ya mwisho. Uchifu hawakuupata. Chifu wa Wakomanchi katika The Searchers ni Henry Brandon, mzaliwa wa Berlin. Katika Cheyenne Autumn ya 1964 machifu wakubwa wawili ni waigizaji wazaliwa wa Mexico. Wanavajo waliachiwa kupanda farasi na kuanguka. Simlaani Ford, maana alilipa pesa taslimu mahali ambapo kondoo walikuwa wamekwisha, na wazee wengine wa huko bado humtaja vizuri. Lakini hesabu ni hesabu.

Kuna jambo moja walilopewa na ambalo hakuna Mzungu aliyeweza kulikagua: lugha. Mcheyenne wa filamu alisema Kinavajo, kwa sababu ndicho alichokijua. Wanavajo husimulia kwamba filamu ile ya 1964 ilipofika kwao, watu walicheka kwenye mazungumzo ya huzuni kabisa ya mkataba, kwa kuwa wazee wenye nyuso kavu kwenye skrini walikuwa wakitamka matusi na utani juu ya maofisa wa jeshi waliokaa mbele yao. Niliposoma hilo nilimkumbuka kijana wetu wa kipaza sauti na chumvi yake. Mwaka 2013 wenyewe walishika kipaza sauti: Star Wars iliingizwa sauti za Kinavajo na kuonyeshwa Window Rock, makao makuu yao.

Tangu 1958 bonde ni hifadhi ya Wanavajo wenyewe, na mwenye kamera ya filamu anaomba kibali kwao. Kuhusu barabara aliyosimama Forrest Gump, yule wa filamu, baada ya kukimbia miaka mitatu sina la kusema, ila watalii wanaokaa katikati ya lami kupiga picha watagongwa siku moja.

Filamu iliyonikaa zaidi ni ndogo. Inaitwa The Return of Navajo Boy, ya mwaka 2000. Familia moja ya bondeni ilipigwa picha mara nyingi, kwa kadi za posta na kwa filamu isiyo na sauti ya miaka ya hamsini. Mtoto wao mchanga, aliyepewa jina la John Wayne, alichukuliwa na wamisionari asirudishwe. Filamu ile ya zamani iliporejeshwa nyumbani na mtoto wa aliyeipiga, habari zilisambaa, na yule mtoto, sasa mtu mzima, akaipata familia yake. Filamu hiyo hiyo inaonyesha kitu ambacho kamera za Ford hazikukigeukia: migodi ya urani iliyochimbwa kati ya miamba, wachimbaji waliougua, na nyumba iliyojengwa kwa mawe yenye mionzi.

Mzee wetu alisimamisha pikapu kwenye ncha ya mwamba inayoitwa kwa jina la John Ford. Jamaa mmoja mwenye shati jekundu alimpeleka farasi mpaka ukingoni, akatulia, watu wakapiga picha, akarudi kuchukua dola zake. Farasi alikuwa anasinzia. Wanangu walikuwa wameshika mkate wa kukaanga, mfano wa andazi lililotandazwa, asali ikiwachuruzika mpaka viwikoni.

Njiani kurudi nilimuuliza mzee kama ile habari ya matusi ni kweli. Hakujibu. Akainua mkono mmoja kutoka kwenye usukani, akakaza uso, akatoa sentensi ndefu ya Kinavajo kwa sauti nzito, ileile ya mikanda ya Tabora.

"Maana yake?"

Akatazama kwenye kioo, akawaona wanangu. "Wakishuka."

Waliposhuka aliniinamia akaninong'oneza. Siwezi kuiandika hapa, Mhariri, mama mkwe wangu ni msomaji wenu. Haikuhusu chumvi.