Watunzi wanne, bendi moja ya asili: yaliyotukuta sisi Kigoma

Mkuu, umeuliza: mko watunzi wanne hapo Tabora, kila mmoja ana nyimbo zake, mnataka kuungana mpige muziki wa asili lakini mnaogopa kugombana. Kugombana mtagombana, hilo lizoeeni mapema. Nakusimulia ya kwetu hapa Mwanga, Kigoma. Tulianza watatu, tukawa wanne, sasa tumebaki watatu.

Wa nne alikuwa kijana mwenzangu, nitamfikia. Nianze na mzee wetu wa Kasulu, mpiga zeze. Hana daftari, nyimbo zote ziko kichwani. Siku ya mazoezi ya kwanza tulimwambia akaze uzi, zeze lifuate gitaa letu lilivyotyuniwa. Akakaza. Ukakatika. Mzee hakusema neno. Akatoa mfukoni uzi wa nailoni, ule wa wavuvi, akaufunga upya, akasugua ulimbo kwenye upinde, akavuta sauti moja ndefu. Kisha akasema, "Haya wanangu, nifuateni."

Tulikaa karibu nusu saa tunalegeza nyuzi za gitaa mpaka tukamkuta alipo. Kumbe ndiyo ilikuwa dawa. Dada yetu mwimbaji, ambaye kila wimbo alikuwa anakaza mishipa ya shingo, siku hiyo aliimba kama anaongea na jirani uani. Tangu hapo gitaa linafuata zeze. Mkianza kinyume chake mtapata bendi ya kawaida iliyobeba zeze kama pambo.

Ngoma nazo zina mambo yake. Masika ngozi inalegea, lazima uipashe moto kabla ya kupiga. Ukumbi mmoja walitukatalia kuwasha moto hata nje ya geti. Tukapiga hivyohivyo, ngoma inalia kama gunia la mhogo. Siku hizi kwenye makubaliano tunaandika kabisa: tupewe mahali pa moto.

Sasa kwenye swali lako hasa. Bendi ya watunzi haifi kwa kukosa nyimbo, inakufa kwa kuzidiwa nazo. Mwezi wa kwanza tulikuwa na nyimbo kumi na tisa na hakuna hata mmoja uliokamilika, maana kila mtu alikuwa anasubiri zamu ya wimbo wake, kwenye wa mwenzake anapiga huku anaangalia simu. Kukusanya wasanii kwa wimbo mmoja ni kitu kingine. Kigoma All Stars walipofanya Leka Dutigite mwaka 2012, kila mmoja alitia sauti yake, kazi ikaisha. Nyie mtaonana kila wiki.

Tukaweka sharti: mtunzi haimbi wimbo wake mpaka mwenzake auimbe kwanza. Wangu wa dagaa wa Kibirizi alipewa yule dada. Akaufuta ubeti wa tatu wote, ndio niliokuwa nauringia. Nilinuna siku mbili, sikwenda hata mazoezini. Tukaupiga kwenye harusi Ujiji. Ulipoisha ubeti wa pili zeze likaingia, akina mama wakanyanyuka na khanga zao. Pale ndipo ubeti wangu ungekaa. Sijaudai tena.

Mzee yeye sharti hilo halikumsumbua kabisa. Anasema nyimbo zake nyingi alizikuta.

Kuhusu pesa, za shoo gawaneni sawa baada ya nauli na nyuzi, msianze kupimana nani kapiga zaidi. Za utunzi ni habari nyingine, na hapa ndipo tulipompoteza yule kijana. Wimbo tuliotunga wote wanne uliingia redioni kwa jina lake peke yake. Yeye anasema studio ndiyo ilikosea. Labda. Hatukuwa na karatasi ya kumwonyesha yeye wala studio. Sasa tuna daftari: tarehe, nani kaleta maneno, nani kaleta sauti, kila mtu anasaini, mzee anaweka dole gumba. Kisha pelekeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkasajili. Kwa sheria ya hakimiliki ya 1999, kazi ya pamoja inalindwa mpaka miaka 50 baada ya kufariki mtunzi wa mwisho aliyebaki, kwa hiyo hata wajukuu wenu inawahusu. Nyimbo za kurithi, kama zile za mzee, andikeni kwamba ni za asili, nyie mmezipanga tu.

Nyie wa Tabora msijidharau. Mji wenu ulikuwa na bendi kama Kiko Kids ya Salim Zahoro, Nyanyembe na Tabora Jazz, na mwanamuziki Shem Karenga alipigia Lake Tanganyika Jazz ya huku kwetu kabla ya kuhamia Tabora Jazz. Njia ya reli kati ya Kigoma na Tabora imepitisha wanamuziki wengi.

Jambo moja la haraka: zeze msinunue lile la kuuzia wageni, limepakwa vanishi linang'aa, sauti hamna. Ulizieni Urambo na Kaliua, Waha, kabila la huku kwetu Kigoma, wako wengi huko. Mkimpata mpigaji, msimwombe awauzie zeze. Mwombeni aje mazoezini, na nauli mtangulize nyie.