Gari la mkopo lina wenyewe wawili

Mhariri, wiki hii mmeuliza: gari ambalo mkopo wake haujaisha likidaiwa faini za maegesho, ni haki likamatwe? Jibu langu ni hapana, mpaka kwanza ijulikane gari ni la nani. Deni lilipwe, hilo silipingi. Anayeegesha Mwanjelwa tangu asubuhi hadi jioni bila kulipa anawanyima nafasi wenzake wanaolipa. Ninachopinga ni kulivuta gari hadi yadi halafu ndipo maswali yaanze.

Huku kwetu Mbeya ni wachache wanaonunua chombo kwa fedha taslimu. Canter ya viazi, Noah ya abiria, bajaji za Kabwe, nyingi zina mkopo wa benki au wa kampuni ya mikopo, au ni za mkataba: dereva anampelekea tajiri hesabu kila wiki mpaka chombo kiwe chake. Kwa kawaida kadi ya gari hubaki kwa mkopeshaji, na mkopaji hawezi kuliuza gari hilo bila ruhusa yake. Sasa kama mdaiwa mwenyewe hawezi kuliuza, anayemdai faini anapata wapi haki ya kulipiga mnada?

Uingereza swali hili limeingia kwenye sheria. Sheria yao ya mwaka 2007 inayohusu ukamataji wa mali inasema wakala anayekusanya deni anaruhusiwa kuchukua mali ya mdaiwa tu. Gari ambalo mtu amekodishiwa na kampuni ya fedha ili liwe lake akimaliza kulipa, linabaki mali ya kampuni mpaka malipo ya mwisho. Wapo mawakala wanaobisha kwamba mdaiwa naye ana sehemu yake humo, lakini mkataba wa mkopo ni ngao anayoweza kuionyesha. Tena vifaa vya kazi vya mdaiwa, vyenye thamani isiyozidi pauni 1,350 kwa jumla, navyo havikamatwi kwa kawaida. Hata hivyo deni halifutiki. Kwa kanuni za ada za mwaka 2014, faili likishafika kwa wakala mdaiwa aliongezewa pauni 75, na wakala akifika mlangoni, nyingine 235. Ndiyo maana ngao hiyo peke yake haimwokoi mtu anayekaa kimya.

Lakini kwetu kuna jambo ambalo naliona zito kuliko hilo la umiliki. Deni la maegesho linafuata namba ya gari, na mara nyingi anayeegesha si aliyekopa. Jirani yangu wa Uyole, mama anayesafirisha viazi, alimkabidhi dereva Canter yake ya mkopo. Dereva alikuwa akiegesha mjini, madeni yanaingia kwenye namba ya gari, yeye hasemi. Baadaye akaacha kazi, akaenda Tunduma. Mama hakujua lolote mpaka siku gari lilipokamatwa likiwa na mzigo. Viazi vilihamishiwa gari la kukodi kwa bei ya dharura. Gari likalala yadi, na kila siku ya yadi ina malipo yake. Wakati huo rejesho la benki halikusubiri. Rejesho lilikuwa linatoka kwenye kazi ya gari hilohilo, kwa hiyo waliolishikilia walikuwa wameziba mlango pekee ambao fedha yao ingepitia. Alichomolewa na wenzake wa kikoba, waliomkopesha. Leo analipa mikopo miwili kwa gari moja, na dereva aliyezalisha deni hakuguswa na mtu.

Najua wapo watakaonijibu kwamba nikisema hivi nawapa wakorofi pa kujificha, kila mmoja aseme gari si lake, ni la mkopeshaji. Ni kweli wapo, nawafahamu wengine kwa sura. Ila mkorofi huyo ana mtu anayemwogopa kuliko mkusanya ushuru, naye ni mkopeshaji wake. Mikataba mingi niliyosomewa na madereva ina kifungu kinachomtaka mkopaji asiliingize gari kwenye madeni mengine. Mkopeshaji akipata taarifa mapema atambana, au atalipa faini na kuiongeza kwenye mkopo, kwa sababu hataki dhamana yake ioze yadi kwa mvua na jua. Leo yeye ndiye wa mwisho kusikia.

Kwa hiyo naomba mambo yafuate mpangilio. Deni likifikia kiwango fulani, ujumbe wa simu uende kwa mkopaji na kwa mkopeshaji, wapewe siku za kulipa. Wakinyamaza, gari lifungwe mnyororo mahali lilipo, mzigo ukishashushwa. Asiyeweza kulipa kwa mkupuo aruhusiwe kulipa kidogokidogo. Kuvuta gari kubaki kwa aliyepita hatua zote hizo bila kuitika.

Nanyi mnaokabidhi magari kwa madereva, msisubiri ujumbe huo. Ulizeni deni kwa namba ya gari kila mnapopokea hesabu, na dereva anapoaga, asiondoke na salio la mshahara kabla hamjaangalia.

Msomaji wenu, Ilomba, Mbeya