Legato laini kwenye gitaa la umeme: nani wa kusikiliza, na kwa nini noti zako zinazama

Ndugu, umesema unapiga solo kwenye bendi ya benga mwisho wa wiki na kanisani Jumapili, kisha ukauliza mambo mawili: wacharazaji gani wa gitaa la umeme wanasifika kwa legato laini, yaani noti zinazoshikana bila kudonolewa kila moja, na kama ununue pedali nyingine ya distoshoni (ile inayokwaruza sauti) kwa sababu noti unazozigonga kwa mkono wa kushoto zinazama mara tu piki, kile kidude cha kudonolea, inapoondoka kwenye uzi. Nianze na la pili. Usinunue. Pesa hiyo ina kazi nyingine, nitaitaja mbele.

Shida yako naifahamu vizuri, maana wanafunzi wengi wanaokuja kwangu hapa Nairobi huja nayo, na chanzo chake ni kitu cha kujivunia. Tumekulia kwenye gitaa linalodonolewa. Benga ilichukua mtindo wa nyatiti, zeze la Waluo lenye nyuzi nane zinazodonolewa moja moja, ikauhamishia kwenye gitaa la umeme. Sikiliza solo za D.O. Misiani na Shirati Jazz: kila noti inasimama peke yake, kavu na wazi. Hata Wakongo waliofanya Nairobi kuwa kwao, Les Mangelepa na wenzao, sebene yao, ile sehemu ya gitaa inayochezesha watu, inataka noti ing'ae tangu inapoguswa. Ndiyo maana mkono wetu wa kulia ni imara na hauachi mdundo. Sasa ukiingia kwenye legato, mkono huohuo unatoa noti ya kwanza kwa kishindo, na zile mbili zinazofuata, zilizogongwa kwa vidole vya kushoto, hazisikiki vizuri. Msikilizaji anahisi yuko kwenye gari linaloruka tuta kila baada ya hatua chache.

Wengi hujaribu kulitatua kwa kugonga kwa nguvu zaidi. Wanaishia na kiganja kilichokakamaa, na noti inapanda kidogo nje ya tyuni kwa sababu uzi umekandamizwa mno. Kidole hakiwezi kushindana na piki. Piki huuvuta uzi kutoka mahali pake na kuuachilia. Kidole kinaugonga tu kwenye freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa, kwa hiyo nguvu inayoingia kwenye uzi ni ndogo. Dawa ni kuishusha noti ya piki ifike kiwango cha noti ya kidole. Donoa kwa wepesi, karibu na shingo, piki ukiwa umeilaza kidogo, tumia pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) ya shingoni, na kitufe cha toni ukirudishe nyuma kidogo. Hayo peke yake yatabadilisha mchezo wako kuliko pedali yoyote.

Tuje kwenye majina. La kwanza ni Allan Holdsworth, na hapa sina mjadala na mtu. Alizaliwa Bradford, Uingereza, mwaka 1946, akafariki mwaka 2017. Ala aliyoitamani tangu ujana ilikuwa ya kupuliza, saksafoni hasa, na mpuliza saksafoni John Coltrane alikuwa miongoni mwa waliomvuta zaidi. Gitaa lilimfikia tu, akaamua kulilazimisha lipumue. Ukimsikiliza ukiwa na jambo hilo akilini, kila kitu kinaeleweka: mpuliza saksafoni hatamki kila noti kwa ulimi, anatamka moja, na zinazofuata zinatoka kwenye pumzi ileile.

Kuna kitu kimoja cha mkono wake wa kushoto ambacho walimu wengi hawakifundishi. Sisi tukishuka kutoka noti ya juu kwenda ya chini kwenye uzi mmoja, huwa tunauvuta uzi kando kidogo kwa kidole kinachoondoka ili noti ya chini isikike. Holdsworth hakuupenda mlio huo, ule mlio mdogo unaofanana na wa paka, unaotokea uzi unaposukumwa pembeni. Yeye alikuwa akigonga karibu kila noti, na vidole vilivyomaliza kazi vikiinuka wima kutoka kwenye uzi bila kuuvuta. Noti ya kupanda na noti ya kushuka zikawa na sura moja. Tafuta solo yake katika wimbo wa “In the Dead of Night” wa kundi la U.K., wa mwaka 1978, kisha albamu ya Metal Fatigue ya mwaka 1985. Usijaribu kunakili chochote kwanza. Sikiliza tu mahali anaposhuka, ujaribu kutambua ni noti ipi iliyoguswa na piki. Mara nyingi hutaitambua. Mpiga gitaa Eddie Van Halen alimhusudu kiasi cha kumpigia debe kwa kampuni kubwa ya rekodi ya Marekani, na ndivyo rekodi yake ya Road Games ilivyotoka mwaka 1983.

Jina la pili litawashangaza baadhi ya watu: Jim Hall. Wengi tunaidhania legato kuwa mali ya watu wa roki na distoshoni nyingi. Hall alipiga jazi, ampu yake ikiwa chini na sauti yake ikiwa safi kabisa, na bado noti zake zinashikana. Sikiliza The Bridge ya mwaka 1962, ambapo yuko pamoja na Sonny Rollins wa saksafoni bila piano yoyote ya kuwafunika. Gitaa na saksafoni vinajibizana, na gitaa halisikiki kuwa kali kuliko mwenzake. Kwa mtu wa kanisani kama wewe, naamini Hall atakufaa upesi kuliko Holdsworth, maana hali yenu ni moja: huna ruhusa ya kelele. Ila msikilize ukiwa nyumbani. Ndani ya matatu ya Jogoo Road hutasikia kitu.

Joe Satriani yuko katikati, na ndiye mlango rahisi zaidi kwa mtu anayeanza. Surfing with the Alien ya mwaka 1987 ina melodi unazoweza kuziimba, na mbio zake nyingi ni noti tatu kwa kila uzi, kwa hiyo mkono unauona mpangilio. Greg Howe wa Marekani anafaa ukitaka kusikia kidole kikianzisha noti kwenye uzi mpya bila piki kabisa. Brett Garsed wa Australia hutumia piki pamoja na vidole vya mkono wa kulia, na hilo ni karibu sana na sisi tuliozoea kudonoa kwa vidole. Mchunguze kwa makini. Tom Quayle wa Uingereza hutyuni gitaa lake kwa nafasi sawa kuanzia uzi wa chini hadi wa juu, E A D G C F, ili umbo moja la vidole lifanye kazi kila mahali. Ni mzuri sana, lakini wewe mwenye bendi ya benga usiguse tyuni yako kwa sasa.

Sasa mazoezi, na hapa nitakwenda polepole. Chukua uzi wa tatu, freti ya 5, ya 7 na ya 9. Kidole cha shahada, cha kati, na cha mwisho. Weka metronomu kwenye 60, upige noti nne kwa kila mdundo: 5, 7, 9, 7, kisha unarudi 5. Mwanzoni donoa noti ya kwanza ya kila mdundo. Ukizoea, donoa mara moja tu kwa kila midundo minne. Mwishowe weka piki mezani, mkono wa kushoto ufanye yote. Katika hatua hizi zote, noti ya 5 isisikike kubwa kuliko ya 9. Jirekodi kwa simu, ufungue rekodi kwenye programu yoyote inayoonyesha mawimbi ya sauti. Noti za piki utaziona zimechomoza kama miiba. Endelea kulegeza mkono wa kulia mpaka miiba ilingane na wenzake. Jicho linakusaidia hapa, kwa sababu sikio likishazoea mlio wake huacha kuulalamikia.

Zoezi hili lifanye bila ampu. Gitaa la umeme lisilochomekwa popote halifichi chochote, halimsumbui jirani wa ukuta wa pili, na stima zikipotea unaendelea tu. Distoshoni hufanya kinyume chake: inainua noti hafifu na kuibana iliyo kubwa, zote zinakaribiana, nawe unadhani umefika. Siku utakayopiga kwa sauti safi, mashimo yote yatajitokeza. Siipingi distoshoni. Holdsworth na Satriani waliitumia, na uzuri wake ni kwamba noti inakaa muda mrefu. Iongeze mwishoni, mikono ikiwa tayari imesawazika.

Kelele za nyuzi zisizopigwa ndizo zitakazokukera baadaye. Ncha ya kidole cha shahada iguse kidogo uzi wa juu yake ili uusimamishe, na ubavu wa kiganja cha kulia ulalie nyuzi nene. Wengine hufunga kitambaa au bendi ya nywele karibu na nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi mwanzoni mwa shingo. Kwa kurekodi ni sawa, ila jukwaani utazihitaji nyuzi wazi ukirudi kwenye benga, hivyo zoeza vidole.

Ile pesa ya pedali sasa. Mpelekee fundi wa gitaa anayeaminika. Gitaa nyingi za bei nafuu zinazouzwa mjini zina nati iliyochongwa juu mno na nyuzi zinazopaa mbali na freti. Hapo hata Holdsworth angechoka. Mwambie ashushe nati, anyooshe shingo, na aweke nyuzi nyembamba za 09 badala ya zile nene. Ukichukua gitaa, jaribu freti ya kwanza: kidole kikigonga pale na noti ikatoka bila kukunja uso, amefanya kazi.

Na kanisani, kama gitaa lako linaingia moja kwa moja kwenye miksa bila ampu, ndiyo maana noti ya piki inachoma masikio. Mwombe ndugu wa mitambo akuwekee kompresa kidogo (inayosawazisha sauti kubwa na ndogo) kwenye chaneli yako na apunguze sauti kali za juu. Nenda mapema, kabla kwaya haijaanza kujaribu maikrofoni, mfanye pamoja: wewe unapiga lile zoezi la uzi wa tatu, yeye anageuza vitufe, mpaka yeye mwenyewe, akiwa amekupa mgongo, ashindwe kukuambia noti ipi umeidonoa.