Mgonjwa wa figo mwenye presha ya mapafu: ulizeni maji kwanza, sildenafil baadaye

Kama una mgonjwa wa figo nyumbani na eko ya moyo (kipimo cha kupiga picha moyo kwa mawimbi ya sauti) imeonyesha presha ya mapafu, yaani ya damu kwenye mishipa ya mapafu, iko juu, nakuomba sana usikimbilie famasi. Mimi namuuguza shangazi yangu hapa Mwanza, anasafishwa damu, na majibu ya eko yalipotoka tu ndugu mmoja wa Kirumba akawa ameshaambiwa kwenye grupu la WhatsApp kwamba tukanunue sildenafil, zile zile za nguvu za kiume.

Kweli dawa ni hiyo hiyo, Marekani waliiidhinisha kwa presha ya mapafu mwaka 2005, miligramu 20 mara tatu kwa siku. Ila inamfaa yule ambaye mishipa yenyewe ya mapafu imebana. Watu wa figo mara nyingi shida yao ni maji yamejaa mwilini, au upande wa kushoto wa moyo umechoka damu inarudi kujazana mapafuni, na wengine fistula ya mkononi (mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya kusafisha damu) inapitisha damu nyingi mpaka moyo unazidiwa. Hapo sildenafil haigusi chanzo, halafu inamshusha presha ya mwili mtu ambaye akiwa kwenye mashine tayari inashuka.

Shangazi alipigwa eko miguu imevimba, daktari akasema irudiwe maji yakishatoka, maana eko inakadiria tu, uhakika ni ule mrija unaopitishwa kwenye mshipa mpaka ndani ya moyo. Basi tukakaza kwenye kupunguza maji. Kayabo (samaki wa chumvi) ya soko la Mwaloni tukaacha kabisa (alilia jamani, anaipenda), ile chumvi inaleta kiu na kiu inaleta maji. Eko ya pili presha ya mapafu ilikuwa imeshuka, bila hicho kidonge.

Sasa wapo ambao daktari wa moyo ataona kweli wanahitaji dawa. Hapo msibadilishe sildenafil kwa tadalafil, dawa ya kundi hilo hilo, eti famasi imeishiwa, kwa sababu tadalafil haishauriwi kwa figo zilizochoka sana wala kwa anayesafishwa damu. Bosentan, dawa nyingine ya presha ya mapafu, inataka ini lipimwe kila mwezi na mjamzito haruhusiwi kabisa. Na kama mgonjwa ana vidonge vya maumivu ya kifua ya moyo vya kuweka chini ya ulimi (nitrati), hivyo na sildenafil havikutani hata siku moja, presha inaweza kuporomoka akafa.

Ukienda kliniki beba maboksi yote ya dawa, hata diclofenac ya magoti aliyopewa na jirani, mwagia daktari mezani aone.