Kabla ya kulaumu pumba, watazame wazazi wa bata wako

Mwaka wangu wa tatu wa kufuga bata, mama mmoja mwenye hoteli ndogo huku kwetu Mlandizi alinipigia simu saa nne asubuhi. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimempelekea bata kumi weupe, wamenona, wazito, nami nilitegemea kusikia sifa. Nilipomwamkia shikamoo akaitika marahaba, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, bata wako wanapendeza kwa macho. Lakini nikiwaweka jikoni sufuria inajaa mafuta, nyama inabaki kidogo. Wateja wangu wanalipia nyama."

Nilifanya ambacho kila mfugaji angefanya. Nililaumu chakula. Kwa kiasi fulani nilikuwa sahihi, maana nilikuwa nawashindilia pumba za mahindi kwa sababu ni rahisi. Bata anayepewa chakula chenye wanga mwingi na protini kidogo hula zaidi akiitafuta hiyo protini, na ule wanga wa ziada haupotei. Kwa ndege, mafuta hutengenezwa zaidi kwenye ini, kisha damu huyasafirisha hadi chini ya ngozi na tumboni. Kwa hiyo nikabadilisha. Vifaranga wa wiki mbili tatu za mwanzo nikawapa chakula chenye protini ya asilimia 20 hadi 22, wakubwa nikawashusha hadi 16 au 18, nikichanganya dagaa wa kusaga na mashudu ya alizeti.

Mafuta yalipungua. Lakini jambo lililonifungua macho lilikuwa jingine. Ndani ya banda lile lile, chakula kile kile, umri ule ule, watoto wa jike mmoja walibaki wamejaa mafuta kuliko watoto wa mwenzake. Walishuka wote, ila mpangilio wao haukubadilika: aliyekuwa wa kwanza kwa mafuta alibaki wa kwanza. Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za vinasaba, yaani jeni, zile chembechembe za urithi ambazo mzazi humpa mtoto.

Kwanza ujue unafuga nani. Bata weupe wa Pekin asili yao ni bata mwitu wa kaskazini, ndege anayesafiri mbali msimu wa baridi unapokaribia na anayehitaji akiba ya mafuta ya kumfikisha. Wachina wakamfuga, na kwa vizazi vingi wakachagua wale wanaonona haraka, maana bata wa kuoka wa Beijing anatakiwa awe na ngozi yenye mafuta ya kutosha ili ikauke na kuvunjika mdomoni. Mafuta yale ni kazi ya mikono ya watu. Bata wetu wa kienyeji, wale wenye nyama nyekundu kuzunguka macho na wasiopiga kelele, ni jamii nyingine kabisa. Kitaalamu huitwa Muscovy, asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini, na si wasafiri wa masafa marefu. Ngozi yao ina mafuta machache, kidari chao ni kinene. Ukimlisha Muscovy kupita kiasi, sehemu kubwa ya mafuta hubaki kwenye ini, wakati Pekin huyasukuma hadi chini ya ngozi. Mimi hutazama ini kila ninapochinja. Likiwa kubwa na la manjano, najua nimezidisha wanga.

Usidanganywe na rangi. Nimesikia wafugaji wakisema bata mweupe ndiye mwenye mafuta. Mwaka 2018 watafiti wa China walichapisha kazi waliyoifanya kwa kuzalisha Pekin na bata mwitu, kisha kufuatilia watoto na wajukuu. Weupe wa manyoya ulitokana na jeni moja iitwayo MITF. Ukubwa wa mwili ulihusishwa na jeni nyingine, IGF2BP1, ambayo kwa Pekin huendelea kufanya kazi hata baada ya kifaranga kutotolewa, na huongeza ukubwa wa mwili kwa asilimia 15 hivi. Ni mambo mawili mbalimbali yaliyokutana kwa ndege mmoja. Ndiyo maana Muscovy mweupe anaweza kuwa mkavu wa mafuta kama ndugu yake mweusi.

Mafuta yenyewe hayana jeni moja ya kuinyoshea kidole. Ni jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo: zipo zinazohusu namna ini linavyotengeneza mafuta, zipo zinazohusu hamu ya kula, zipo zinazohusu idadi ya chembe za kuhifadhi mafuta na namna zinavyovimba. Habari njema kwa mfugaji ni kwamba kiasi cha mafuta hurithiwa vizuri, kuliko mambo kama utotolewaji wa mayai ambao hutegemea sana mazingira. Maji hufuata mkondo. Ukichagua wazazi kwa makini, utaiona tofauti kwa watoto.

Kosa langu kubwa lilikuwa hapa, na naomba usilirudie. Kila mwaka nilibakiza dume mzito kuliko wote. Niliona ndiyo akili. Lakini uzito na mafuta hutembea pamoja: ukichagua kilo peke yake, unachagua na mafuta bila kujua. Baada ya miaka mitatu ya kumbakiza mzito, nilikuwa nimelijaza banda ukoo wa mafuta kwa mikono yangu mwenyewe.

Sasa, bata aliye hai humwoni mafuta yake ya tumboni. Makampuni makubwa ya mbegu hutumia mashine ya mawimbi ya sauti kupima unene wa kidari. Sisi tuna njia ya kale na nzuri: tunawauliza ndugu zake. Mimi hufanya hivi. Mayai ya kila jike nayatenga, na vifaranga wakitoka natoboa tundu dogo kwenye utando wa mguu, mahali tofauti kwa kila ukoo. Nawakuza pamoja, banda moja, chakula kimoja. Siku ikifika nachinja madume wawili wa kila ukoo waliolala bila chakula lakini wakiwa na maji. Nampima kila mmoja akishasafishwa, kisha navuta mafuta yote yaliyozunguka firigisi hadi mkiani na kuyapima kwenye mizani ndogo ya jikoni.

Mara ya kwanza nilishangaa. Koo mbili zilitoa bata wa kilo 2.1 baada ya kusafishwa, uzito sawa kabisa. Mmoja alikuwa na gramu 58 za mafuta ya tumboni, mwingine gramu 29. Mafuta ya chini ya ngozi ni mengi kuliko hayo, ila yale ya tumboni hutoa ishara, kwani mwenye mengi ndani kwa kawaida ana mengi nje. Dada na kaka za yule wa gramu 29 ndio niliowaacha wawe wazazi.

Linganisha dume na dume, umri na umri, kundi na kundi. Ukichinja mmoja wa wiki saba na mwingine wa wiki tisa, hujapima urithi, umepima kalenda. Umri una nguvu sana kwa bata kwa sababu kidari chake huchelewa kukua. Miguu hutangulia, kidari hufuata, na mafuta huja kwa kasi mwishoni. Pekin mimi namtoa wiki ya saba. Nikimsubirisha, chakula kinageuka mafuta, na manyoya mapya yanaanza kuchipua, kumnyonyoa kunakuwa adhabu. Muscovy jike ni wiki ya kumi, dume ya kumi na mbili, maana dume huendelea kujenga nyama.

Wengi huniuliza kuhusu kuchanganya. Dume wa Muscovy kwa jike wa Pekin hutoa chotara mwenye mwili mzuri, mafuta yake yakiwa katikati ya wazazi. Ufaransa na Taiwan wanawafuga kwa wingi. Ila chotara huyo hazai. Nililipia somo hili: nilibakiza majike sita nikidhani nimepata mbegu mpya, nikawalisha miezi, hakuna kifaranga hata mmoja. Kula au uza.

Na usiyafukuze mafuta yote. Ukichagua ukavu peke yake utapata nyama ngumu isiyo na ladha, na jike aliyekonda hana akiba ya kutagia. Mimi natafuta ukoo wenye uzito mzuri na mafuta ya wastani. Yule mama wa hoteli sasa ananiambia anabakiza mafuta ya kutosha kukaangia vitunguu vya siku mbili, na anaridhika.

Jihadhari na jambo moja zaidi. Ukishapata ukoo mzuri utatamani kuuzungusha ndani kwa ndani, kaka kwa dada, na mayai yataanza kukataa kutotolewa. Leta dume wa nje. Mwaka huu nimebadilishana madume wawili na jirani wa Ruvu, na kabla ya kuwapokea nilimwomba anichinjie ndugu zao wawili, nikiwa pale pale na mizani yangu mkononi.