Ubuntu imeingia, Wi-Fi imepotea: usifute kitu

Ndugu, umesema umeweka Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux) kando ya Windows kwenye kompyuta yako, Wi-Fi haionekani kabisa, na unafikiria kuanza upya. Tafadhali usifute kitu. Kadi yako ya Wi-Fi ni nzima, maana kwenye Windows inafanya kazi. Huenda kinachokosekana ni draiva tu, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi hiyo.

Shida ni kwamba kuipata draiva kunahitaji intaneti. Chukua simu yako ya Android, ichomeke kwa kebo ya USB, kisha kwenye mipangilio yake washa kushiriki intaneti kwa USB. Ubuntu itaiona kama waya wa mtandao. Angalia bando lako tu.

Sasa fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika lspci, amri inayoorodhesha vifaa vya kompyuta, kisha tafuta mstari wenye neno Network. Hapo utaona jina la mtengenezaji wa kadi. Ukiona Broadcom, mara nyingi dawa ni hii: andika sudo apt update, halafu sudo apt install bcmwl-kernel-source. Kama Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizoidhinishwa kompyuta inapowaka) imewashwa utaombwa kutunga nenosiri. Likumbuke! Ukiwasha upya itatokea skrini ya buluu: chagua Enroll MOK, yaani kuidhinisha ufunguo wa draiva, kisha andika nenosiri lile. Ukiiruka skrini hiyo, draiva haitapakiwa.

Ukiona Intel, rudi Windows kwanza uzime Fast Startup, mpangilio unaoifanya Windows iwake haraka kwa kutozimika kabisa. Windows isipozimika kabisa, mara nyingine huiacha kadi imeshikwa.