Maji Yangu Yanapenya Kioo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika programu ya kukokotoa mtiririko wa maji unaosukumwa na flajela (mkia mwembamba unaozunguka) ya bakteria aliyenata kwenye kioo. Flajela nimeikata vipande, kila kipande nikakipa kani yake, kisha nikajumlisha. Upande wa pili wa kioo nimeweka taswira, yaani nakala za vipande hivyo kama vionekanavyo kwenye kioo cha kujitazama, zenye kani kinyume. Bado mishale ya kasi inapenya kioo kana kwamba hakipo. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kosa hilo nalijua vizuri, lilinipotezea mwezi mzima.

Umefanya kama watu wa umeme: chaji juu, chaji kinyume chini, kazi imekwisha. Maji hayaridhiki upesi hivyo. Yanapogusa kioo yanatakiwa yatulie kabisa, yasipenye wala yasiteleze. Chukua kani moja iliyolala sambamba na kioo, uichoree taswira yako ya kinyume. Kuteleza kumefutika, sivyo? Sasa tazama kupenya: kumekuwa maradufu! Igeuze taswira ielekee upande uleule na kani. Kupenya kunafutika, kuteleza ndiko kunaongezeka maradufu. (Hiyo ya pili usiitupe. Inafaa pale maji yanapokutana na hewa, na ndiyo maana bakteria E. coli akiogelea chini ya uso huo huzunguka kinyume na azungukavyo karibu na kioo.)

Dawa aliitoa mwanahisabati Blake mwaka 1971. Taswira yako ya kinyume iache, ila palepale ilipo ongeza vitu viwili: jozi ya kani zilizopingana, na jozi ya chemchemi na shimo la kunyonya. Ukubwa wa nyongeza hizo unategemea kani iko juu ya kioo kwa kiasi gani. Kisha weka pointi mia kwenye uso wenyewe wa kioo, ukokotoe kasi ya maji katika kila moja. Zote zikiwa sifuri, ukiacha vumbi la desimali za mwisho, umepona. Zangu zilikataa katakata, mpaka nilipogundua kwamba urefu huo wa kani nilikuwa naupima kutoka katikati ya mwili wa bakteria badala ya kwenye kioo. Nusu mikroni tu hiyo!

Angalia na mbali. Pasipo kioo, ukienda umbali mara mbili kasi inabaki nusu. Penye kioo, kwa kani sambamba, inabaki robo.

Flajela ina unene wa nanomita 20 hivi, kwa hiyo wengi huilainisha kani, yaani huitawanya kidogo badala ya kuiweka kwenye nukta moja, ili kasi isilipuke karibu na kipande. Kama nawe umelainisha, taswira nazo zinataka fomula yake ya kulainisha. Ukichanganya, kioo kitavuja tena.

Na huyo wako amenata, kani anayoisukumia maji inabebwa na kioo. Siku utakayomwachia aogelee, kani ya flajela na ya mwili lazima zifutane; sehemu hiyo ya programu utaiandika upya.